Boksi ni kitabu cha nne

Kuna swali huwa naulizwa sana na waandishi wenzangu huku Kisumu na Kakamega, hasa wale wameshamaliza kitabu cha tatu cha msururu wao. "Mwalimu, nataka niviweke vyote kwa boksi moja niuze kama seti, hiyo boksi itanigharimu pesa ngapi?" Na mimi hujibu kwa swali lingine, umebakisha nakala ngapi za kitabu cha kwanza? Wengi hunyamaza hapo manake hawaoni hizo mbili zinahusiana vipi.

Zinahusiana sana. Watu huona boksi kama nguo ya kuvalisha vitabu, urembo wa mwisho. Lakini boksi seti ni kitabu kingine kabisa, iko na bei yake, namba yake, stoki yake, na mnunuzi wake ambaye mara nyingi si yule anayenunua kitabu kimoja kimoja. Uko na vitabu vitatu? Basi boksi ni cha nne. Ukiihesabu hivyo mambo mengi yatanyooka, ukiihesabu kama urembo itakula pesa yako polepole na hutajua inapotelea wapi.

Tuanze na stoki juu hapo ndipo watu huumia zaidi. Kwa msururu wowote ule kitabu cha kwanza ndicho hutembea sana. Mtu anajaribu cha kwanza, wengine wanaendelea na cha pili, wengine wanaishia hapo, wachache wanafika cha tatu, na hiyo ni kawaida, haimaanishi hadithi yako ni mbaya. Mimi nilikuwa nimechapisha nakala 300 za kila kitabu, hadithi za watoto wa Dunga, kule ufuoni mwa ziwa hapa Kisumu, vyote saizi ya A5, na siku niliyoamua kutengeneza seti nikakaa chini nikahesabu, zile ziko kwangu na zile ziko kwa stoo ya shemeji pale Kondele, nikapata 40 za cha kwanza, 130 za cha pili, 180 za cha tatu. Jumla 350. Ukiangalia haraka unasema niko na mali. Lakini seti zinazotoka hapo ni 40 tu, basi, juu kila seti lazima iwe na cha kwanza ndani, na ukishatoa hizo 40 unabaki na vitabu 90 vya pili na 140 vya tatu ambavyo vimekuwa yatima. Nani anaanza hadithi kutoka katikati?

Jibu la haraka ni kurudia kuprinti cha kwanza, na hapa ndipo unapaswa kuelewa mashine. Ofseti inatumia pleti, yale mabati membamba yenye sura ya kurasa, na pleti pamoja na kazi ya kuandaa mashine ina gharama ile ile ukiprinti 90 ama ukiprinti 1,000, kwa hivyo nakala chache zinabeba mzigo mzito kila moja. Dijitali haina pleti, kwa idadi ndogo ndiyo nafuu, lakini kama vitabu vyako vya zamani vilitoka kwa ofseti basi hii batch mpya itakuja na karatasi ina weupe mwingine, rangi ya kava imesogea kidogo, na urefu umekatwa milimita moja pungufu. Kitabu kikiwa peke yake hakuna mtu ataona. Kwa boksi vitabu vinasimama bega kwa bega na jicho linaenda moja kwa moja pale kimoja kimezama. Siku hizi kitabu cha mwisho kikienda kwa printa cha kwanza nacho kinarudi safari hiyo hiyo, karatasi moja, mashine moja, na vikifika naweka kando zile za seti, nafunga na kamba, naandika SETI na kalamu nene, hizo haziguswi hata kama mteja amekuja na pesa mkononi na ameikosa nakala ya cha kwanza.

Sasa vipimo. Boksi ambayo watu wengi wanaiwazia ni ile inafunguka upande mmoja, vitabu vinaingia migongo ikiangalia nje, kama kisu kwa ala yake. Na kama vile ala ya kisu, ikibana sana kisu hakitoki, ikilegea kinaanguka. Dizaina atakupigia hesabu kwa kompyuta: karatasi ya gramu 80 kwa mita mraba ina unene wa kama milimita 0.1, kwa hivyo kitabu cha kurasa 200 ni karatasi 100, ni milimita 10. Vyangu vilikuwa vya kurasa 160, 200 na 240, yaani 8 na 10 na 12, jumla 30, ongeza kava sita za kama milimita 0.3 kila moja unafika karibu 32. Hesabu ni nzuri lakini nilipoviweka vitatu juu ya meza nikavigandamiza na kiganja nikapima na rula nikapata 35. Gundi ya mgongoni ina unene wake, kava imekunjwa ikaacha kauvimbe, na katikati ya karatasi kuna hewa ambayo kompyuta haiijui.

Basi mara ya kwanza boksi zilitengenezwa na 35 kamili ndani, zikatosha vizuri sana, ilikuwa Januari. Unajua Januari ya huku, jua kali, kila kitu kimekauka. Ikafika Aprili mvua ndefu ikiwa imeshika, hewa ya ziwa nayo imejaa maji, kuna mama akanipigia kwamba mtoto ameshindwa kutoa vitabu. Nikamwambia alete. Nilijaribu mwenyewe mbele yake, nikashika kitabu cha katikati na kucha mbili juu ya mgongo nikavuta, kava ikachanika pale juu kama sentimita mbili. Karatasi inanyonya unyevu na inavimba, na kadibodi ya boksi haivimbi pamoja nayo kwa kiasi kile kile. Nilizitengeneza upya zote, na tangu siku hiyo sheria yangu ni hii: pima vitabu vyenyewe vilivyotoka kwa printa, si faili, halafu ongeza milimita 3 kwa unene na 2 kwa urefu wa juu. Kina cha boksi kiwe sawa na upana wa kitabu ili migongo ilingane na ukingo. Na pale ukingoni mwambie fundi akate nusu duara pande zote mbili, hapo kidole gumba na cha shahada vinaingia kushika vitabu, bila hiyo watu wataendelea kuvuta na kucha.

Jambo lingine dogo lakini linaamua sana ni mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Karatasi ina nyuzi kama ubao wa mti, na ikipata unyevu inatanuka kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake. Nyuzi zikienda sambamba na mgongo kitabu kinafunguka laini na mgongo unakaa sawa, zikienda kinyume mgongo unajikunja mawimbi na hicho kitabu hakitaingia kwa boksi yoyote kwa amani. Unaweza kujua mwenyewe nyumbani, lowesha upande mmoja wa kipande cha karatasi, kitajiviringisha kama bomba, na bomba hilo linalala upande ule nyuzi zinaenda. Muulize printa kabla hajaanza, akishaprinti imeisha hiyo.

Boksi yenyewe inatengenezwaje? Ile ngumu ni kadibodi ya kijivu ya milimita 2, inakatwa, inaunganishwa na gundi, halafu inavishwa karatasi iliyoprintiwa ya gramu kama 150 ambayo imepigwa laminesheni, utando mwembamba wa plastiki, ndio isichubuke. Kuna nyepesi zaidi, ya kadi ya gramu 300 ama 350 inayokatwa na kisu maalum cha umbo na kukunjwa, hiyo inakuja ikiwa bapa na ni rahisi kusafirisha lakini kile kisu cha kukatia unakilipia kwanza, kwa hivyo boksi 50 haina maana, labda 500 kwenda juu. Na kuna njia ya bei nafuu kabisa ambayo watu wanaidharau, mkanda wa karatasi ngumu unaozunguka vitabu vitatu pamoja na kuvifunga kiunoni. Kama hujawahi kuuza seti hata moja anza na mkanda, nakuomba, uone kama watu wanataka seti kabla hujaingia kwa kadibodi.

Kitu kilichonifurahisha sana ni kwamba boksi ngumu si lazima zitoke Nairobi. Vitabu vyangu vinaprintiwa Nairobi, sawa, lakini boksi ngumu iliyoshaundwa imebeba hewa tupu ndani, ukiitoa Nairobi unalipia hewa isafiri zaidi ya kilomita 300. Huku kwetu kuna mafundi wanaofunga thesis za wanafunzi wa vyuo, wale wa kava nyeusi na maandishi ya dhahabu, na hao watu kadibodi, kitambaa na gundi wanazijua kuliko mtu yeyote. Nilienda kwa mmoja na vitabu vyangu vitatu kwa mfuko, hakuniuliza faili wala nini, alivipanga, akavigonga kwa meza vilingane, akapitisha kipande cha karatasi kuzunguka vyote akakiwekea alama na kucha, akaniambia, "Mwalimu, kesho saa nne nakupa moja nyeupe, ukae nayo wiki moja ndio uniambie niendelee." Ile nyeupe isiyo na picha ndiyo muhimu kuliko dizaini yote. Niliitoa na kuirudisha, nikawapa watoto, nikaiweka sebuleni usiku wa mvua.

Kwa kava za migongo nina maoni yangu, na yanaweza kukuudhi. Ile picha moja kubwa inayokatwa vipande vitatu ndio ikamilike vitabu vikisimama pamoja ni nzuri kwa skrini, kwa kweli inahitaji printa ambaye hakosei hata milimita moja na mgongo wa milimita 8 hauna nafasi ya kukosea. Weka namba 1, 2, 3 kwa kimo kimoja, jina lako kwa kimo kimoja, rangi tofauti kila kitabu, inatosha.

ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu. Kila kitabu kina yake, na seti nayo inataka yake, jumla nne. Kenya zinatolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, KNLS, na tangu 2007 ni tarakimu 13, zetu utaziona zimeanza na 978 halafu 9966 ama 9914. Watu huniambia namba ya seti ni kujisumbua bure, na mimi huwapa kisa cha duka moja mjini ambalo nilipelekea seti zangu za majaribio zikiwa zimefungwa na nailoni tu bila boksi. Kitabu cha nyuma kilikuwa kinaonyesha barkodi yake kupitia nailoni. Keshia anapitisha kwa mashine, mashine inasoma kitabu kimoja, mteja analipa bei ya kimoja anaondoka na vitatu. Zilienda 6 hivyo kabla mtu hajagundua, na hasara ilinirudia mimi. Boksi ngumu inafunika zile barkodi za ndani na inabeba ya seti kwa nje. Na kama unatumia nailoni ama mkanda, bandika stika ya barkodi ya seti juu ya ile inayoonekana.

Sasa tuje kwa bei, na hapa nakuomba usome polepole. Namba nitakazotumia ni za mfano, usizibebe kwa printa kubishana naye. Tuseme kuprinti vitabu vitatu ni shilingi 900, boksi 250, nailoni na usafiri 50, jumla 1,200. Ukiuza kimoja kimoja ni 700 kila kitabu, vitatu ni 2,100. Kila mtu mawazo yake yanakimbilia kwa disikaunti, "chukua seti kwa 1,800." Ukiuza mwenyewe kwa mkono unabaki na 600, uko sawa. Lakini maduka ya vitabu hutaka sehemu yao, tuseme asilimia 35, wanakupa 1,170. Umetoa 1,200. Kila seti inayouzwa pale dukani unalipa shilingi 30 ndio mtu asome vitabu vyako, na duka likiagiza zaidi unafurahi! Vitabu vile vile bila boksi, kimoja kimoja kwa duka lile lile, vingekupa 1,365 na gharama ni kama 900 na kitu.

Kwa hivyo mimi seti nauza bei ya juu kuliko vitabu vikiwa peke yake, 2,300 kwa mfano wetu. Dukani nabaki na 295, kwa mkono nabaki na 1,100. Watu wanaona si haki mpaka uwaonyeshe nani ananunua. Anayenunua boksi ni shangazi anaenda sherehe ya mtoto aliyemaliza Grade 6, ni kanisa linatoa zawadi ya Sunday school, ni mwalimu mkuu anataka kitu cha kumpa mtoto wa kwanza siku ya zawadi. Huyu hatafuti bei rahisi, anatafuta kitu kinachoonekana kimefikiriwa, na angelipia kufungiwa zawadi kando. Anayetaka nafuu mpe vitabu vitatu bila boksi kwa 1,900, wote wawili watafurahi.

Kodi usiisahau. Vitabu viliingizwa kwa VAT ya asilimia 16 mwaka 2013, na hata kama mauzo yako hayafiki milioni 5 kwa mwaka kwa hivyo hulazimiki kujisajili, ile VAT ya printa umeshailipa na huwezi kuidai, iweke kwa gharama tangu mwanzo. Shule nazo zitakuuliza risiti ya eTIMS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, jiandae mapema. Na bei ya karatasi usiitegemee miezi mitatu mbele. Zamani Webuye ilikuwa na Pan Paper, watu wa Bungoma wanaikumbuka na moshi wake, kiwanda kikafungwa 2009, na karatasi nyingi ya vitabu tunayotumia inatoka nje kwa dola, dola ikipanda printa anakupigia simu.

Kwa wale mnauza Amazon, seti ya kielektroniki ina mtego wake. Kule hakuna kadibodi, ni faili moja lenye vitabu vyote, lakini mgao wa mwandishi wa asilimia 70 ni kwa bei ya kati ya dola 2.99 na 9.99 tu, na hata hapo ni kwa wanunuzi wa nchi fulani. Ukipita 9.99 unashuka kwa asilimia 35. Seti ya 9.99 inakupa karibu dola 7, ukiipandisha iwe 11.99 unapata 4.20. Halafu kama kitabu chako hata kimoja kiko kwa KDP Select, ule mpango wa Amazon wa kutouza kidijitali kwingine, seti iliyo na hicho kitabu nayo haiwezi kuuzwa kwingine. Zile boksi za kushika mkononi nazo Amazon haiprinti, hiyo utatengeneza mwenyewe.

Kusafirisha ni kazi rahisi ukishajua adui ni kona. Seti inaenda Busia ama Nakuru kwa parcel ya matatu, inarushwa, na kona ya boksi ikipondeka zawadi imeharibika hata kama vitabu viko sawa. Karatasi ya gazeti iliyofinywa kwa kona nane, halafu kartoni nje. Pesa inaingia kwa till kabla mzigo haujapanda gari.

Nirudi kwa wale yatima, 90 vya pili na 140 vya tatu. Nilikaa navyo miezi nikiviona kama kosa, mpaka jioni moja nikachukua kalamu. Cha kwanza nilikuwa nimeuza 260, cha pili 170, cha tatu 120. Toa 170 kwa 260 unapata 90. Toa 120 kwa 260 unapata 140. Yaani kila kitabu kilichokuwa kwa stoo ya shemeji kilikuwa na mtu mahali fulani ambaye ana cha kwanza nyumbani na hajamalizia msururu. Nikamwambia fundi aniongezee boksi 30 tupu, nikaandika kwa status ya WhatsApp na kwa makundi ya wazazi: kama una cha kwanza, nakupa cha pili na cha tatu pamoja na boksi ya kuviweka vyote, cha kwanza chako kina nafasi yake. Na kama unavyo vyote tayari, chukua boksi tupu kwa bei ya fundi. Mama wa kwanza kuja alikuwa na kitabu cha kwanza kwenye mkoba, kona zimelika, jina la mtoto limeandikwa kwa kreyoni ya kijani mgongoni. Tukakiweka kwa boksi hapo hapo, kikaingia.

Zile 30 ziliisha kabla ya zile seti 40.